Swali la Saba na Majibu Yake Manne

Siku waliyoniaga, mkuu wa chuo alisimama akasema kwamba hakuna wodi katika mji huu isiyo na muuguzi niliyemfundisha. Hakusema ni wangapi niliowafelisha kwa makosa yangu mwenyewe, nami sikumkumbusha, maana chakula kilikuwa kinapoa. Lakini tangu siku ile jambo hilo limekuwa likinisumbua, na kwa kuwa sasa nina asubuhi nyingi zisizo na kengele, nimeona niliandike. Ninawaandikia ninyi mnaobaki katika chumba kile cha walimu chenye feni moja. Vyeo na mishahara nawaachia wenye kumbukumbu nzuri za mambo hayo. Mimi nataka kuwasimulia habari za swali moja la mtihani, swali la saba, nililolitunga mwenyewe nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai mkononi.

Nilifika Juba, Sudan Kusini, kutoka Kitale, baada ya miaka mingi katika wodi za watoto. Nilipanga chumba mtaa wa Hai Cinema, nyuma ya duka la fundi cherehani Mganda, na asubuhi ya kwanza nilikwenda chuoni nikiwa nimevaa sare niliyoipiga pasi hadi ikasimama yenyewe. Kufikia saa nne ilikuwa imelowa jasho na kulala. Darasani walikuwemo wanafunzi ishirini na sita. Wengine walikuwa wamesoma kwa Kiarabu tangu utotoni. Wengine walikulia katika kambi za wakimbizi Uganda na Kenya, wakaja na Kiingereza cha kule na Kiswahili cha kule. Mimi nilifundisha kwa Kiingereza, wao wakaelezana kwa Kiarabu cha Juba, na aliyetaka kuhurumiwa alinijia na Kiswahili.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa na maneno haya: "Jadili kazi za muuguzi kwa mgonjwa mwenye homa kali." Nilikuwa nimeyaona maneno ya namna hiyo kwenye mitihani tangu nikiwa msichana. Kijana mmoja wa mstari wa mbele aliyasoma, akatazama kushoto na kulia, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nijadili na nani? Umesema tusiongee."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao, nikamwambia aeleze tu. Nilipaswa kujifunza kitu siku ile. Sikujifunza. Niliona ni kichekesho, nikakipeleka chumba cha walimu kama vile mtu anavyopeleka karanga.

Aliyekuwa hacheki katika chumba kile alikuwa Ustaz Severino. Yeye alisimamia mitihani yote ya chuo. Alikuwa mzee mrefu wa mtaa wa Juba Na Bari, tabibu wa zamani aliyefanya kazi hospitali za mipakani miaka ya vita, na Kiswahili chake alikiokota huko huko njiani. Aliniita Sista Nekesa, ingawa sikuwahi kuwa mtawa. Ndiye aliyenifundisha kazi ya nukta.

Mashine yetu ya kunakili karatasi ilikuwa na tabia ya kumeza nukta. Ukiandika nusu kwa desimali, sifuri nukta tano, karatasi ilitoka ikisema sifuri tano, na mwanafunzi mwenye haraka aliisoma tano. Kwa dawa, hiyo ni tofauti ya kumponya mtu na kumzika. Kwa hiyo kabla ya kila mtihani wa dawa, Ustaz Severino alifunga mlango, akanipa kalamu nyeusi, tukakaa pande mbili za meza tukirudisha nukta kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine.

"Polepole, Sista," alikuwa akiniambia. "Nukta ni kitu kidogo sana. Ndiyo sababu inaua."

Nilimheshimu sana mzee yule. Nilidhani kwamba mtu anayelinda nukta kiasi kile, na mimi niliyekaa naye, hatuwezi kupitwa na kitu.

Katika darasa lile alikuwemo mwanamke aliyeitwa Kiden. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa upande wa Rejaf. Alikuwa amekimbilia Uganda na kurudi, na kabla ya kuja chuoni alikuwa mkalimani kwenye zahanati: daktari anasema kwa Kiingereza, Kiden anampa mama maneno kwa Kibari au kwa Kiarabu, mama anajibu, Kiden anarudisha. Alifanya kazi hiyo miaka minne. Darasani hakuwa mwepesi. Aliandika taratibu, alisoma taratibu, na alikuwa na tabia iliyonikera ya kuuliza maana ya neno ambalo kila mtu alikwishalipita.

"Mwalimu, mimi iko na swali," angesema. "Hapa umeandika 'mpumzishe mgonjwa'. Ni alale, ama akae tu asifanye kazi?"

"Kiden, twende mbele."

"Sawa, Mwalimu. Lakini yeye atafanya gani?"

Nilidhani ni uzito wa kichwa. Namshukuru Mungu kwamba sikuwahi kumwambia hivyo kwa sauti.

Mwisho wa mwaka wa pili ukaja mtihani wa dawa. Swali la saba, nikilitoa kwenye Kiingereza chake, lilikuwa hivi: "Mtoto ana kilo kumi na mbili. Ameandikiwa dawa miligramu sita kwa kilo mara tatu kwa siku. Mpe kiasi gani?" Alama sita. Nililiona swali zuri, fupi, la mtu anayejua kazi. Jibu nililokuwa nalo kwenye karatasi yangu lilikuwa sabini na mbili.

Niliposahihisha, nilikutana na sabini na mbili nyingi. Lakini walikuwepo walioandika ishirini na nne, na wengine mia mbili kumi na sita. Niliyatia makundi hayo mawili alama ya kosa bila kusita. Kisha nikafika kwenye karatasi ya Kiden. Katika nafasi ya jibu hapakuwa na namba. Palikuwa na maandishi yake yale ya taratibu: "Sitampa bado. Kwanza nitauliza aliyeandika: hii sita ni ya siku yote, ama ni ya kila mara? Mtoto ni mdogo."

Nilimpa sifuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Jibu swali," na kupigia mstari mara mbili. Ilipojumlishwa, Kiden alikuwa amepungukiwa alama nne za kupita. Kanuni ya chuo wakati ule ilikuwa kwamba anayeanguka somo la dawa anarudia mwaka mzima, na kanisa lililokuwa likimsomesha lilikuwa limesema wazi kwamba mwaka wa kurudia halitaulipia. Kwa hiyo ile sifuri ilikuwa na maana ya kwenda nyumbani.

Alinijia kwenye ukumbi wa chuo akiwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, hana machozi.

"Mwalimu, naomba unielezee hii swali."

"Swali liko wazi, Kiden. Sita mara kumi na mbili. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza."

"Kuzidisha najua. Lakini hawajasema."

"Mtihani si mahali pa kuuliza maswali. Ni mahali pa kujibu."

Aliniangalia kidogo, akaikunja karatasi. "Malesh, Mwalimu," akasema, neno la Juba la kuomba radhi, akaondoka. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Naomba mlikumbuke hilo mnapopewa kalamu nyekundu.

Kabla ya matokeo kupelekwa kwenye kikao, wanafunzi walikuwa na wiki mbili za kumalizia wodini, na Kiden aliendelea kuja kila asubuhi kama kawaida, ingawa alijua kinachomngoja. Nilikuwa msimamizi wao katika wodi ya watoto. Siku ya nne tulikuwa na mtoto wa kiume wa kilo kumi na tano aliyeingia na homa na degedege. Degedege ilikuwa imetulia, na daktari kijana alikuwa ameandika kwenye chati dawa ya kuizuia isirudi, kisha akakimbilia upande wa wagonjwa wa nje ambako alikuwa akiitwa. Dawa tuliyoizoea ilikuwa imekwisha. Iliyokuwepo ilitoka kwenye boksi la msaada, na karatasi yake ya maelezo ilikuwa kwa lugha ambayo hakuna mmoja wetu aliyeweza hata kuikisia.

Nilichukua chati. Iliandikwa miligramu nne kwa kilo, alama ya kuzidisha, tatu, yaani mara tatu kwa siku. Kichwa changu kilifanya kazi yake ya miaka yote: nne mara kumi na tano, sitini. Nikavunja chupa ndogo, nikavuta dawa ndani ya bomba la sindano, nikagonga kwa ukucha kutoa hewa. Mama wa mtoto alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akinitazama mikono. Kiden alikuwa upande wa pili, ameshika mpira wa dripu.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ya siku yote, ama ya kila mara?"

Nakumbuka hasira iliyonipanda. Nilijua anarudia swali la saba. Nilidhani ananichokoza mbele ya wenzake.

"Ya kila mara," nikamjibu.

"Nani amesema?"

Hakuisema kwa ukali. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza kila kitu, kwa kutaka kujua. Nikafungua mdomo nimwambie ni nani amesema. Nikatazama chati. Nikatazama tena. Hakuna aliyekuwa amesema. Ni mimi tu niliyekuwa nimelitia lile neno pale, kichwani mwangu, bila hata kusikia likiingia.

"Mtoto amelala vizuri," Kiden akasema. "Anapumua kwes, sawasawa. Tunaweza kungoja dakika tano?"

 Aliuweka mpira wa dripu mkononi mwa mwenzake, akachukua chati, akatoka mbio akivuka ua kwenda upande wa wagonjwa wa nje. Mimi nilibaki nimesimama na bomba la sindano. Katika miaka yangu yote wodini sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Mama wa mtoto, ambaye hakuwa amefahamu hata neno moja la mazungumzo yetu, alianza kunitabasamia, pengine kwa kuwa uso wangu ulihitaji tabasamu.

Kiden alirudi akihema, na chati ikiwa na mwandiko mpya wa daktari juu ya ule wa zamani. "Ni ya siku yote," akasema. "Tugawanye mara tatu. Ishirini, kisha ishirini, kisha ishirini."

Nilikuwa na sitini mkononi. Dawa ile ikizidi kiasi hicho kwa mtoto mdogo, humlaza usingizi ambao ndani yake pumzi husahau njia. Nilisukuma dawa yote ya ziada nje, tone baada ya tone, ndani ya sahani ya chuma, na ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ilikuwa nyingi. Kisha nikampa mtoto ishirini zake. Mkono wangu ulikuwa umetulia. 

Jioni ile, kabla ya chuo kufungwa, nilizitoa karatasi za mtihani kabatini nikazipanga mezani. Fungu moja la sabini na mbili. Fungu la ishirini na nne. Fungu la mia mbili kumi na sita. Nilizisoma hesabu zao mstari kwa mstari, na kila fungu lilikuwa na haki. Aliyesoma sita kuwa ya kila mara alipata sabini na mbili. Aliyeisoma kuwa ya siku yote alipata ishirini na nne. Aliyedhani anaulizwa jumla ya siku alipata mia mbili kumi na sita. Ningekuwa na watoto watatu wa kilo kumi na mbili na wauguzi hao watatu, watoto wangepewa dawa tofauti, na wauguzi wote wangeapa kwamba wamefuata maandishi. Pembeni, peke yake, ilikuwa karatasi ya Kiden. Ndiyo pekee ambayo mtoto wake alikuwa salama kwa vyovyote vile.

Nimeona mambo katika kazi hii. Nimeona mtoto aliyefunikwa shuka kama maiti akikohoa na kudai maji. Lakini sijui kama nimewahi kupigwa na butwaa kama nilivyopigwa mbele ya karatasi ile yenye sifuri yangu nyekundu. Nilikuwa nimempima mtu ambaye alikuwa juu ya kipimo changu, na nilichoona ni kwamba hafiki.

Nilimpelekea Ustaz Severino. Alivaa miwani, akalisoma swali mara tatu, midomo ikicheza.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, Ustaz."

"Na nani aliipitisha?" Akageuza karatasi, akaiona sahihi yake mwenyewe.  "Nilikuwa natazama nukta," akasema mwishowe. "Nukta zote ziko. Maneno sikutazama."

Nikamweleza habari za wodini. Sikuficha bomba la sindano. Alipomaliza kusikia alivua miwani na kusema, "Yalla, haya basi. Kesho tunakwenda kwa kikao, mimi na wewe, na hii unasema yote. Ukisema nusu, watampa huyu binti huruma. Yeye hataki huruma. Yeye iko na haki."

Kikao kilikuwa na watu saba, na hakuna aliyependa kulisikia jambo letu, kwa sababu kila mwalimu pale alikuwa na swali lake la saba mahali fulani. Wenye hesabu sahihi, walisema, tuwape alama zao, kwa usomaji wowote. Hapo tulikubaliana upesi. Lakini Kiden? "Huyu hakuhesabu chochote," alisema mmoja wao. "Tutampaje alama mtu aliyeacha nafasi ya jibu bila jibu? Kesho darasa zima litaandika 'nitauliza kwanza' na kwenda kulala."

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Nilisimama. Niliwaambia kwamba jana yake nilisimama kando ya kitanda cha mtoto nikiwa na dozi mara tatu ya ile aliyostahili, mimi, mwalimu wa dawa, na kwamba kilichokuwa kati ya mtoto yule na sindano yangu ni mwanafunzi wanayetaka kumrudisha nyumbani. Nikasema, "Kama jibu lake si jibu, basi mimi nilikuwa nimejibu vizuri sana."

 Mkuu wa chuo aliandika, akafuta, akaandika tena. Kiden alipewa alama zote sita. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuondolewa wodini kwa muhula mzima, na ilikuwa haki. Barua ile ninayo. Ni karatasi pekee yenye jina langu kutoka chuo kile ambayo haina hata sentensi moja yenye maana mbili.

Ule muhula tuliutumia, mimi na Ustaz Severino, kuyapitia maswali yote ya zamani. Tulikaa pande mbili za meza ile ile. Mmoja anasoma swali kwa sauti, mwingine anasema ameambiwa afanye nini. Tukitofautiana, swali linavunjwa. Tulivunja mengi mno. Lilikuwepo moja la kwangu lililouliza ni lipi halipaswi kutofanywa isipokuwa mgonjwa hana homa. Tulilisoma mara tano, tukaangaliana, mzee akacheka hadi akashika meza. Nanyi, kama hamjaacha desturi hiyo ya kusomeana, msiiache. Inachosha, na mwandishi wa swali huona aibu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ustaz Severino alifariki miaka kadhaa baadaye, akiwa bado na kalamu nyeusi mfukoni.

Kiden alihitimu, akaenda kufanya kazi kwenye kituo kidogo cha afya upande wa kwao. Tulisalimiana kila alipokuja mjini kuchukua dawa, lakini hatukuwahi kulizungumzia swali la saba. Mimi niliona aibu, na yeye si mtu wa kukumbushia.

Wiki iliyopita, nikiwa nimeanza kufunga mizigo, nilipanda gari kwenda kumuaga. Ndiye msimamizi wa kituo sasa. Nilimkuta anamaliza kumfunga kidonda mvuvi mmoja, akanawa mikono, akaja kukaa nami kwenye benchi la wagonjwa. Tuliongea habari za watoto wake, wa kwanza yuko chuo kikuu. Ndipo nikapata ujasiri.

"Kiden, kuna kitu nimetaka kukuuliza miaka yote hii. Ile siku ya mtihani, hukujua kwamba nilikuwa nataka namba tu?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama mto una maji.

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua nilitaka ipi?"

"Sabini na mbili. Namba zote tatu nilihesabu kwa kiganja, na hiyo nilijua ndiyo yako. Vile ulikuwa unafundisha, ilikuwa hiyo."

"Sasa mbona hukuiandika? Ulijua utaanguka. Ulijua kanisa litasema nini."

Aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa bado na unyevu wa sabuni.

"Niliogopa mkono itazoea kubahatisha," akasema.

Mama mmoja alikuwa ameingia na mtoto mgongoni. Kiden aliinuka, akamsalimu kwa Kibari, akamshusha mtoto, akaanza kumuuliza maswali. Nilibaki kwenye benchi nikisikiliza lugha nisiyoijua, muda mrefu, hadi dereva akaja kuniambia kwamba tumechelewa.